Mbolea ya maji ya samadi ya mbuzi: pipa usiliharakishe

Wakulima wenzangu, mi nalima kabichi na saladi kidogo huku Mgeta, milima ya Uluguru, na nafuga mbuzi wa maziwa wanne. Mwaka 2022 mbolea ya dukani ilivopanda bei ndo nikaanza kuvundika yangu mwenyewe, na msimu wa kwanza niliunguza tuta zima, maana siku ya tano tu nikachota nikamwagia hivohivo bila kuzimua, kesho yake asubuhi kingo za majani zimekauka zimejikunja kama zimepitiwa na moto. Iliniuma sana.

Sasa hivi natumia pipa la lita 200. Samadi mbichi kama kilo 30 naitia kwenye kiroba pamoja na jiwe kisielee, nafunga mdomo, nakining'iniza kwenye mti niliolaza juu ya pipa. Alizeti pori nakatakata natupia humohumo, ina naitrojeni nyingi na inaoza upesi, halafu imejaa njiani bure kabisa. Maji usijaze mpaka juu, povu litamwagika. Funika ila usikaze jamani, gesi lazima itoke, jirani yangu alikaza kifuniko cha dumu la lita 20 likavimba mpaka likapasuka ndani ya stoo.

Kila baada ya siku mbili tatu nakoroga. Wiki ya kwanza ukifunua inachoma pua mpaka machozi, hiyo ni amonia. Kawaida kati ya siku ya 14 na 21 povu linatulia, maji yanakuwa kahawia iliyokolea na ule ukali unaisha, unabaki na harufu kama ya udongo uliolowa. Juni na Julai huku kuna baridi kwa hiyo inapitiliza, we usihesabu siku tu, funua unuse.

Mkojo nao usiuache upotee. Banda langu ni la kichanja, chini nimelaza bati linashusha mkojo kwenye dumu. Una naitrojeni na potashi nyingi, ila usitie majivu humo! Nilidhani naongeza nguvu kumbe majivu yanaifukuza amonia hewani, ile harufu kali inayotoka ghafla ndo mbolea yenyewe inaondoka.

Kumwagia, mbolea ya pipa lita 1 kwa maji lita 3, mkojo lita 1 kwa maji 5 au zaidi, iwe kama chai ya rangi nyepesi. Mwagia jioni, udongo ukiwa na unyevu, pembeni ya shina. Kwenye saladi majani usiyaguse kabisa maana yanaliwa mabichi na kuvundika hakuui vijidudu vyote, mi nawalisha wanangu mboga hizohizo kwa hiyo hapo sina mchezo, na wiki kadhaa kabla ya kuvuna naacha kabisa.

Machicha ya kwenye kiroba usiyatupe, yangu yanaenda shimo la mboji.