Ndege zote zile, mbona Urusi imeshindwa kutawala anga ya Ukraine?

SWALI: Habari mtaalamu. Urusi iliingia vitani ikiwa na ndege za kivita nyingi kuliko Ukraine, sasa mbona haikuishika anga kama Marekani ilivyofanya Iraq 1991? Ndege mbovu au makamanda? Na hizi droni, ndo zimemaliza kazi ya ndege za kivita?

JIBU: Salama ndugu. Ndege sio mbovu, Su-35 ni mashine kwelikweli. Shida ni kwamba wengi tunahesabu ndege tunasahau kuhesabu makombora ya kutungulia ndege yaliyoko chini, na ukishindwa kuyaua hayo siku za mwanzo basi hata uwe na ndege elfu utabaki unachungulia tu.

Iraq usiku wa 17 Januari 1991 helikopta za Apache zilianza na vituo vya rada mpakani, ndege za F-117, ambazo rada hazizioni kirahisi, zikapiga vituo vya mawasiliano na amri Baghdad, halafu zikarushwa droni za kuzuga ili Wairaki wawashe rada, wakiwasha tu wanachapwa na makombora yanayofuata mawimbi ya rada yenyewe. Na mfumo wao ulikuwa wa kusubiri amri toka juu, kwa hiyo kichwa kilipopigwa mikono ikakaa inasubiri.

Sasa Ukraine mambo yalikuwa tofauti. S-300 nyingi na Buk, yaani mitambo ya makombora ya kutungulia ndege, zimebebwa kwenye magari, na kabla ya shambulio la 24 Februari 2022 sehemu ya mitambo ilishahamishwa, hivyo makombora ya Urusi mengine yakaangukia sehemu ambazo wenyewe walishaondoka. Hapo Urusi ilitakiwa iendelee kuisaka siku baada ya siku, tena kwa makundi makubwa yaliyopangwa pamoja: wa kuzuga, wa kuziba rada, wa kupiga. Badala yake ndege zikawa zinatumwa moja moja au mbili mbili kusaidia jeshi la ardhini. Zikipanda juu S-300 inazisubiri, zikishuka chini kuna askari ana kombora dogo la Stinger au Igla begani. Hilo mimi naliweka kwa makamanda na mazoezi waliyozoea, sio kwa marubani.

Upande wa wanaotungua ndege toka ardhini nako uongozi ndo kila kitu. Rada ikiwashwa ndo inaona, lakini ikiwashwa ndo inaonekana, yaani unacheza na sekunde. Waserbia walioiangusha F-117 ya Marekani tarehe 27 Machi 1999 walikuwa na S-125, kombora la enzi za miaka ya 60, ila kamanda wao alikuwa na sheria ngumu, rada inawashwa sekunde 20 hivi, hujapata kitu zima, na muda wowote mko tayari kufungasha mhame. Kikosi cha namna hiyo hakiwezi kupiga simu makao makuu kuomba ruhusa, ndege ishapita.

Kuhusu droni, hapana, hazijamaliza kazi ya ndege. Urusi yenyewe tangu 2023 inaumiza sana kwa mabomu ya kuteleza (yana mabawa, yanaruka mbali yakishaachiwa) yanayoachiwa na ndege ya Su-34 ikiwa nyuma ya mstari wake, na bomu la kilo 500 droni ndogo haibebi. Kilichobadilika ni hesabu. Shahed moja, droni ya kujilipua ya Urusi, inakadiriwa makumi ya maelfu ya dola, kombora la kujihami la Patriot ni mamilioni, ukizitungua zote kwa Patriot utaishiwa makombora kabla adui hajaishiwa Shahed, ndo maana Waukraine wanatumia mizinga ya Gepard na bunduki za mashine juu ya pikapu, Patriot inaachiwa kazi ya kutungua makombora ya balistiki (yanayopanda juu sana na kushuka kwa kasi kubwa).

Na ndege ikiwa imepaki ndo iko hatarini zaidi siku hizi. Tarehe 1 Juni 2025 Ukraine ilificha droni ndogo ndani ya malori, zikarukia humo humo ndani ya Urusi na kuchoma ndege za mabomu za masafa marefu hadi kwenye uwanja wa kijeshi wa Belaya kule Siberia. Ndege hizo zilikuwa zimeachwa wazi uwanjani, baadhi zimewekewa matairi juu ya mabawa (ndiyo, matairi ya gari). Mabanda ya zege yangeokoa nyingi tu.