Leba ofisa wa wilaya hana kazi mfukoni, lakini nenda umuone

Mdogo wangu wa Bwera, huko Kasese hapa kwetu Uganda, swali lako hapa jukwaani nimelisoma usiku nikiwa nimeshalala nikaona niamke tu nijibu, manake ndiyo swali nililokuwa nalo mwaka 2018 na hakuna mtu alinijibu vizuri, kila mmoja aliniambia "huko ni kupoteza nauli". Umesema uliachia S2, yaani sekondari mwaka wa pili, umekaa garaji miaka mitano unachomelea na kunyoosha bodi za magari, karatasi huna hata moja, sasa unauliza kama leba ofisa, yaani afisa wa kazi, pale wilayani anaweza kukutafutia kazi ama mafunzo. Wale walioandika "serikali haina kitu, tafuta mjomba" wako sawa nusu. Ukienda kumwambia "mzee naomba kazi" utarudi Bwera na njaa yako. Ila ukienda na swali lililonyooka utatoka na kitu, na kwa upande wangu hicho kitu ndicho kinanilisha mpaka leo.

Ngoja nikupe yangu. Mimi niko huku mpakani mashariki, mahali malori yanapanga foleni mpaka yanafunga barabara. Nilijifunza kuchomelea chini ya mti, bosi wangu alikuwa anatengeneza bodi za trela, mwaka wa kwanza nilikuwa nashika tu chuma na kuchota maji ya chai. Miaka saba baadaye nilikuwa naweza kushona trela nzima peke yangu lakini kila nikienda saiti kubwa wananiuliza "uko na papers?" Sina. Basi wananiandika helpa, elfu kumi na tano kwa siku, alafu yule kijana mwenye cheti cha chuo wanamweka fundi kwa elfu thelathini na mimi ndiye namfundisha kuweka moto vizuri. Hio kitu iliniuma jamani.

Siku moja nikaamua kwenda. Barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), kopi ya kitambulisho cha taifa, shati la kuazima kwa jirani. Nilifika wilayani nikatafuta ofisi imeandikwa "kazi" sikuiona. Kumbe leba ofisa yuko ndani ya idara ya huduma za jamii, chumba kimoja na afisa wa ustawi wa watoto, meza mbili zinatazamana, huku mama analia bwana ametoroka na huku mtu anadai mshahara. Kwenye benchi tulikuwa kama tisa hivi, nikafikiri wote wanatafuta kazi kama mimi, nikaanza kuhesabu nafasi zangu. Kuja kuongea nao, wote ni mashitaka! Askari wawili wa kampuni ya ulinzi hawajalipwa, mama wa jikoni hotelini amefukuzwa akiwa mjamzito, mzee mmoja amekatika kidole kwenye mashine. Mimi peke yangu ndio nilikuja kuomba kazi.

Yule ofisa alicheka, si vibaya. Akasema, "Kijana, mimi sina kazi mfukoni. Niambie unajua kufanya nini na nani anaweza kushuhudia." Nikamwambia nachomelea. Akaniuliza mara ya pili nani anashuhudia nikanyamaza. Hapo ndipo akanieleza habari ya PAS, kitabu cha kuthibitisha ujuzi wa fundi, kitu ambacho kwa miaka saba ya moshi sikuwahi kukisikia.

Sasa hapa usome polepole. Kuna mtihani wa fundi aliyejifunzia mtaani. Wakati wangu ulikuwa chini ya DIT, ile kurugenzi ya mafunzo ya viwandani iliyoko Lugogo Kampala, iliyotokana na sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi (BTVET) ya 2008. Hawakuulizi ulisoma wapi wala ulifika darasa la ngapi, wanataka kukuona unafanya kazi. Ukifaulu unapewa Worker's PAS, kijitabu kama pasipoti hivi, ndani imeandikwa ni sehemu gani za kazi unazozimudu, na ukijifunza nyingine unarudi unaongezewa. Ukitaka kupanda zaidi kuna vyeti vya ngazi, level wani, level tuu na kuendelea. Sasa tangu sheria mpya ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2025 mambo ya mitihani yamewekwa chini ya bodi inaitwa UVTAB, kwa hivyo wewe usiende ukiuliza DIT peke yake, uliza "mtihani wa ufundi kwa mtu asiye na shule, UVTAB", watakuelekeza kituo gani karibu na Kasese kinapima weldingi. Hakuna haja ya kupanda basi usiku mzima mpaka Kampala, mitihani inafanyika kwenye vituo vilivyoidhinishwa huko huko mikoani, mara nyingi ni chuo cha ufundi ama wakshopu kubwa. Ada ipo, mimi nililipa kwa kuuza baiskeli, na nililipa benki nikapewa risiti. Mtu akikwambia umpe mkononi "akusaidie" ujue anajisaidia mwenyewe.

Siku ya mtihani nilifika mapema kuliko mlinzi wa geti. Tulipewa mchoro, tukate angle line (chuma cha pembe), tuunganishe fremu ya dirisha, kona zote ziwe sawa. Mimi nikaingia kazini kama nilivyozoea, nimekunja macho, sina miwani, nimevaa sandali. Yule mpimaji, mzee mmoja mpole, akanisimamisha. Akaniuliza, "Umefanya hii kazi miaka mingapi?" Nikasema saba kwa kujigamba. Akasema, "Na macho yamebaki mangapi?" Watu walicheka mpaka nikaona aibu. Akanituma nikaazime miwani na gambuti ndio niendelee, na alama za usalama zilinikata kweli kweli. Kwa hivyo wewe ukienda, hata kama pale garaji mnachomelea mkiwa mmevaa kandambili, siku hio vaa kama fundi wa kwenye kalenda. Alafu atakuuliza maswali ya mdomo, kwa nini umetumia elektrodi hii, moto ukiwa mwingi chuma inafanya nini. Mimi nilikuwa na hofu ya Kiingereza, nikamuomba nijibu Kiswahili akasema jibu, mradi kazi ionekane. Kitu nilichojua kwa mikono nikagundua sijui kukisema, kwa hivyo fanya mazoezi ya kumueleza mtu kazi yako ukiwa unaifanya, hata mwambie huyo kijana wenu wa kuchota maji.

Kitabu kilitoka baada ya miezi, usitegemee wiki. Na kitabu hakikunitafutia kazi chenyewe, nisikudanganye. Nilikipiga kopi nikazunguka nazo saiti tano, ya tano ndio wakanichukua kama fundi. Ile elfu thelathini niliyokuwa naiona kwa wenzangu nikaanza kuipokea, na kazi ilikuwa ile ile.

Kuhusu mafunzo, kama unataka kuongeza ujuzi mwingine, tofautisha vitu viwili. Kuna vyuo vya ufundi vya serikali kama Nakawa na Lugogo, hivyo vina ada na vina muhula, na kozi nyingine wanataka matokeo ya S4. Alafu kuna zile habu za ujuzi za ofisi ya rais zilizowekwa kwa kanda, vijana wanalala huko huko, wanakula huko huko, miezi sita, bure. Weldingi iko, useremala, ushonaji, kuoka mkate, saluni, viatu. Kuingia ni kupitia majina yanayotoka wilayani, na hapo ndipo watu wa vijijini tunapoachwa manake tangazo linabandikwa notisi bodi ya wilaya, wiki mbili limefunikwa na tangazo la mnada wa ng'ombe. Muombe leba ofisa ama CDO (afisa maendeleo ya jamii) wa sabkaunti akuandike namba yako. Mimi kwa wewe mwenye miaka mitano ya kazi nisingekaa miezi sita kujifunza kitu ninachokijua, ningefanya mtihani kwanza nipate kitabu. Lakini una mdogo wako nyumbani hana kazi? Huyo ndio mpeleke habu.

Sasa ile kazi yenyewe ya leba ofisa, yaani mashitaka, usiidharau. Mwaka 2021 bosi mmoja wa wakshopu, jina naliacha, alikaa na pesa yangu ya miezi mitatu, kila Jumamosi ni "njoo wiki ijayo". Nikarudi kwa yule yule ofisa. Sikulipa hata shilingi, nilijaza fomu, yeye akampigia simu na akamwandikia barua ya kumuita. Bosi alikuja na sauti kubwa, alipoambiwa habari ya Industrial Court, mahakama ya viwanda, sauti ikashuka. Tulikubaliana alipe mara mbili na alilipa. Sheria ya ajira ya 2006 inasema mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki kumi na mbili tangu uanze, na ukiondoka ukimuomba cheti cha utumishi lazima akuandikie. Leba ofisa akikaa siku tisini bila kuamua, unaruhusiwa kwenda mahakama ya viwanda wewe mwenyewe. Kilichoniokoa mimi ni daftari, nilikuwa naandika tarehe na kazi ya kila siku, na meseji zote za mobail mani nilizihifadhi. Wenzangu wawili waliokuja mikono mitupu walipata nusu. Ila usiende ukimuuliza mshahara wa chini ni ngapi, ule uliowekwa kisheria ni wa 1984, shilingi elfu sita kwa mwezi, hio leo ni rolex (chapati na mayai) chache tu na chai.

Kuna jamaa hapa juu amekushauri uachane na yote uende kyeyo, yaani kazi za nje, Uarabuni. Sikatazi, watu wamejenga kwa pesa ya huko. Lakini shemeji yangu alitoa laki nane kwa mtu aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la simu, ana stempu, ana picha ya ndege ukutani. Miezi minne hakuna viza. Tukaenda kwa leba ofisa, yeye akafungua simu tu akaingia EEMIS, ule mfumo wa wizara ya jinsia, kazi na maendeleo ya jamii, akatafuta jina la kampuni, hakuna. Dakika mbili hizo! Na sisi tulikuwa tumeshauza mbuzi. Kampuni ya kupeleka watu nje lazima iwe na leseni ya wizara, na ile oda ya kazi yenyewe lazima iwe imepitishwa na wizara, na msafiri anatakiwa apewe mafunzo kabla ya kuondoka. Ukiona mtu anataka kukupitisha Nairobi kwa basi ndio upande ndege huko, hapo usiulize mara mbili, toka. Pesa ya shemeji mpaka leo haijarudi, ofisi iligeuka saluni.

Za mikopo nitapita haraka. PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ni milioni moja kwa nyumba kupitia SACCO ya parishi yenu, na ile ya vijana, YLP, ilikuwa ya kuingia kwa kikundi. Hizo kamuulize CDO. Mambo ya vikundi yana maneno yake, fungua uzi mwingine nitakuja na yangu. Na kazi za serikali za wilaya, kama dereva ama askari wa geti, zinapitia tume ya utumishi ya wilaya, zinatangazwa kwenye New Vision na kwenye notisi bodi, kwa kawaida unajaza ile fomu PSF 3 nakala tatu. Atakayekuambia nafasi inauzwa milioni mbili, mwache na milioni yake.

Basi ukienda, nenda asubuhi, Jumatatu usiende manake wanakuwa na vikao. Ukikuta mlango umefungwa usirudi nyumbani, muulize sekretari namba ya ofisa, wengi wanashinda fildi na ofisi ni mtu mmoja kwa wilaya nzima. Beba kitambulisho, barua ya LC1, na picha za kazi zako kwenye simu, ile bodi ya Fuso uliyosema ulinyoosha piga picha kabla mwenyewe hajaichukua. Na huyo bosi wako wa garaji muombe barua ya mistari mitatu kwamba umefanya kazi kwake tangu mwaka fulani, muombe leo mkiwa bado mnapatana. Wangu alikataa akifikiri nataka kumshitaki, ikabidi mke wake ndio anisaidie kumbembeleza.

Kuna mtu aliuliza kama kitabu cha PAS kinakubalika Kenya. Mimi nilikionyesha saiti moja ng'ambo ya mpaka, msimamizi akakigeuza geuza, akaniambia "weka chini, shika hii, choma tuone". Nikachoma, nikaanza kesho yake. Kitabu chenyewe nimekifunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki) juu ya kabati, mvua ya mwaka jana ilipitia bati ikalowesha ukurasa wa kwanza, picha yangu sasa inafanana na mjomba.