Kwa mnaosubiri kuitwa usaili wa residensi ya famasi Marekani

Wadogo zangu mliotuma maombi ya PGY1 msimu huu, yaani mwaka wa kwanza wa residensi (mafunzo ya kazi baada ya shahada), poleni kwa kusubiri. Maombi yameshaingia PhORCAS (mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi haya), sikukuu zimepita, mwenzako darasani ameshaitwa sehemu kadhaa na wewe bado. Naandika hasa kwa ajili ya wale waliotoka kwetu, waliosoma PharmD (shahada ya udaktari wa famasi) huku au waliopata cheti cha FPGEC (kinachothibitisha elimu ya famasi ya nje ya Marekani) baada ya kumaliza famasi nyumbani. Wengi hamna kaka wala dada aliyewahi kupita njia hii mkamuuliza.

Nimeshakaa upande wa wanaosoma maombi, na jambo ninalotaka mlijue ni hili: kimya cha Januari mara nyingi si jibu. Wanaosoma ni wafamasia wenye zamu zao wodini. Mtu anamaliza kukagua oda za dawa za siku nzima, ndipo anafungua faili lako jioni. Faili moja husomwa na zaidi ya mtu mmoja, kila mmoja anatoa alama kwa barua ya nia, CV, matokeo ya masomo na barua za mapendekezo. Alama zikishajumlishwa kamati inakaa, halafu ndiyo mialiko inatoka. Tena tarehe za mwisho hazilingani: programu nyingine hufunga mwisho wa Desemba, nyingine Januari ikiwa imeshaanza. Waliofunga mapema wataita mapema. Na walioitwa kwanza wakikataa, wanaofuata huitwa, kwa hiyo mwaliko wa Februari si ajabu.

Kuna kimya cha aina nyingine, na hicho lazima ukichunguze leo. Ingia PhORCAS uhakikishe kwamba barua zote za mapendekezo zimefika na matokeo ya chuo yamethibitishwa. Faili lenye barua pungufu linaweza lisisomwe kabisa, hata kama aliyechelewesha ni profesa wako. Mwandikie kwa adabu, mkumbushe. Kagua pia folda ya taka ya baruapepe kila siku. Kwa mwenye visa ya mwanafunzi, rudi kwenye maelezo ya kila programu uone kama wanadhamini visa ya kazi. Nyingi hazidhamini na zimeandika wazi. Huko usiweke tumaini lako.

Mwaliko ukija, jibu haraka. Nafasi za usaili hugawiwa kwa anayewahi, na siku nzuri huisha ndani ya saa chache. Aliyekwenda nyumbani Dar au Mombasa akumbuke kwamba majira haya yuko saa nane mbele ya New York: ujumbe wa saa nne asubuhi kule unamkuta saa kumi na mbili jioni, na ule wa saa kumi alasiri unamkuta saa sita usiku. Acha simu ikiwa na sauti. Na ukiandika muda wa usaili, uandike kwa saa zao na zako, maana mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anaweza kuchanganya akiwa na wasiwasi.

Kuuliza inaruhusiwa? Ndiyo, mara moja, kwa ujumbe mfupi kwa mkurugenzi wa programu, isipokuwa pale walipoandika kwamba hawapokei maulizo. Sema bado unaitamani programu yao na uulize kama mialiko imeshatoka. Usipige simu kila wiki. Watu wanakumbuka.

Siku hizi za kusubiri ndizo za kujiandaa, na hapa ndipo naona wengi wanapoteza. Chukua CV yako, kila mstari uufanye swali. Umeandika ulifanya mzunguko wa mafunzo ya magonjwa ya kuambukiza? Basi eleza mgonjwa mmoja. Tuseme mama anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amepewa antibiotiki ya co-trimoxazole kwa ajili ya maambukizi ya mkojo. Ulijua vipi kwamba INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) itapanda, ulimwambia daktari nini, ulipendekeza dawa gani badala yake, na ulipanga kupima tena lini? Anayeweza kusimulia hivyo kwa dakika mbili, kwa utulivu, hunikaa akilini kuliko anayesema ana shauku ya kuhudumia wagonjwa. Fanya mazoezi na mtu atakayekukatiza. Na sisi tuliolelewa kutojisifu mbele ya wakubwa, tujizoeze kusema "nilifanya" pale tulipofanya wenyewe. Ukisema "tulifanya" kila mara, msaili hatajua mchango wako.

Baada ya usaili, orodha ya chaguo, yaani programu unazozitaka kwa mpangilio, hupelekwa mwanzoni mwa Machi. Panga kwa jinsi unavyopenda kweli, usipange kwa kukisia nani atakutaka, kwa sababu ASHP Match, mfumo unaolinganisha chaguo za waombaji na za programu, hufuata kwanza matakwa ya mwombaji. Programu hairuhusiwi kukuuliza umeiweka namba ngapi. Usiandike mahali usipoweza kwenda, maana matokeo yanakufunga.

Na kama hakuna aliyeita, au matokeo ya katikati ya Machi yakaja bila nafasi, kuna Awamu ya Pili. Orodha ya nafasi zilizobaki hutolewa, na mambo huenda kasi sana hadi Aprili. Kwa hiyo andaeni sasa barua ya nia inayoweza kurekebishwa, na waulizeni mapema wanaowaandikia kama watakuwa tayari tena.