Skeli inayoruka kwenye AutoCAD

Mkuu, unasema ramani ya nyumba uliipanga 1:100 kwenye karatasi (layout) ya AutoCAD, programu ya kuchorea, lakini kila ukiigusa skeli inaruka. Mchawi ni gurudumu la mausi. Ukibofya mara mbili ndani ya fremu ya mwonekano (viewport, dirisha linaloonyesha mchoro kwenye karatasi) kisha ukalizungusha, unabadilisha skeli yenyewe.

Ingia ndani ya fremu, andika ZOOM, halafu 1/100xp kama umechora kwa milimita (xp ni ukubwa ukilinganisha na karatasi). Umechora kwa mita? Basi 10xp, hapa ndipo wengi huteleza. Toka nje ya fremu, ichague, bonyeza alama ya kufuli chini kulia.

Kuchapisha: weka skeli ya kuchapisha 1:1, maana 1:100 tayari iko kwenye fremu, na usiruhusu programu ijaze karatasi. Na kama ramani ni ya kibali cha ujenzi, msanifu majengo aliyesajiliwa aipitie kwanza.