Taa ya ABS imerudi baada ya kubadilisha sensa

Swali: Assalaamu alaykum fundi. Nina Toyota Noah ya kupakia watoto wa skuli hapa Wete. Iliwaka taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki), ikachomekwa mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa namba C0200. Nikaambiwa sensa ya mbele kulia, inayosoma kasi ya gurudumu, imekufa. Nimeagiza nyingine Unguja, imefungwa, siku ya pili taa ikarudi. Ninunue tena?

Jibu: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Usinunue kitu kwanza. C0200 kwenye Toyota maana yake kompyuta ya breki haipati ishara ya kueleweka kutoka gurudumu la mbele kulia. Ishara hiyo inaanzia kwenye pete ya meno inayozunguka na gurudumu, inapita kwenye sensa, plagi na waya mpaka kwenye kompyuta. Popote itakapokatika, namba yaweza kuwa hiyo hiyo.

Mashine irudi kwenye gari, lakini fundi afungue pale panapoonesha kasi ya kila gurudumu huku gari inakwenda. Iwe mashine inayoingia kwenye ABS; vile vidude vidogo vya Bluetooth vingi husoma injini tu, vikakwambia gari ni nzima. Tafuta barabara iliyonyooka (kwenu Pemba kwa vilima na kona ni kazi kuipata), mwende kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Mashine aishike mtu mwengine, si dereva.

Namba nne za kasi zinatakiwa ziende pamoja. Ya mbele kulia ikibaki sifuri mwendo wote, fuata waya na ufungue plagi. Mara nyingi utakuta kutu ya kijani, hasa kama gari hushuka ufukweni kupakia samaki. Ikienda vizuri kisha ikaanguka sifuri unapokaribia kusimama, na pedeli ya breki ikatetemeka bila sababu, ishara ni dhaifu. Hapo ivue sensa, utazame kikalio chake, yaani pale inapokaa. Kutu ikijaa chini huinyanyua, nayo inatakiwa ikae karibu sana na pete, milimita moja hivi. Kwangu mimi kutu ndiyo mshukiwa wa kwanza, maana hata sensa mpya ikikalishwa juu yake itasoma vibaya vile vile. Namba ikirukaruka, kagua meno ya pete na utikise gurudumu usikie beringi.

Hukusema kama beringi imebadilishwa karibuni. Nyengine zina utepe wa sumaku upande mmoja badala ya pete ya meno. Zikifungwa kinyume, sensa haisomi kitu.

Multimita (kipimo cha umeme) itumie kwa uangalifu. Sensa ya koili hupimwa omu, yaani ukinzani wa waya wake, ila ya kisasa inayopelekewa umeme hupimwa volti kwenye plagi, na zote mbili zaweza kuwa na waya mbili.

Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, ila kwenye mvua tairi zinaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Ikiungana na taa nyekundu ya breki, usipakie watoto; anza kutazama mafuta ya breki.

Ile sensa ya zamani kama bado unayo, iweke. Huenda ni nzima.