Osteosakoma (saratani ya mfupa) ikishafika mapafuni: majibu kwa dada wa Mtongwe

Dada, umeeleza kwamba goti la mpwa wako wa miaka 16 limefura, eksirei imeonyesha mfupa umeliwa juu ya goti, CT (picha ya kina) ya kifua ina vidoa vitatu, na babake anataka achuliwe kwanza.

Msimchue. Mfupa ulioliwa huvunjika kwa jambo dogo, na ukivunjika, damu yenye chembe za saratani hutapakaa nyamani. Mguu ambao ungeokolewa huenda ukakatwa. Apewe magongo leo, asiukanyagie.

Umri na mahali palipofura vinaelekea osteosakoma, ila hakuna wa kuapa mpaka kipande cha uvimbe kipimwe. Hapa ndipo mambo huharibika sana. Kipande kitolewe na daktari yuleyule atakayeupasua mguu baadaye, au kwa maelekezo yake, kwa sababu njia iliyopita sindano au kisu huhesabiwa imeshachafuka na lazima iondolewe pamoja na uvimbe. Mkato ufuate urefu wa mguu. Ukikingama, nyama ya kuondolewa inazidi na ngozi ya kufunikia inaweza kukosekana. Kwa hivyo ulizeni Makadara, pale hospitali ya Coast General, Mombasa, nani atafanya upasuaji mkubwa. Kama ni Nairobi, kipande nacho kingoje Nairobi.

Vidoa vya mapafuni, vikiwa vimetoka kwenye goti, si saratani ya mapafu. Ugonjwa huu husafiri kwa damu, na mara nyingi hutua mapafuni kwanza, kisha mifupa mingine. Kidoa kidogo chaweza pia kuwa kovu la TB, semeni kama aliwahi kuugua. Nafasi ya kupona hupungua ukishasambaa, wala msidanganywe, lakini vikiwa vichache na vikatolewa vyote, wapo wanaopona.

Kawaida ni kemo (dawa za kuua saratani) kwa wiki kama 10, upasuaji, halafu kemo tena. Dawa zenyewe ni tatu. Doksorubisini hugusa moyo, basi moyo upimwe kabla. Sisplatini hudhuru figo na masikio. Akisema masikio yanavuma, daktari aambiwe. Methotrexate ya dozi kubwa ndiyo ngumu: inataka maji mengi ya mshipani, maabara ya kupima kiwango chake kwenye damu, na lukovorini, dawa ya kuzuia madhara yake, kuanzia kama saa 24 baadaye. Pasipo na maabara hiyo, bora aachwe na zile mbili. Akiwa kwenye methotrexate asimeze Brufen, diklofenaki, Septrin wala omeprazole bila idhini ya daktari wake, maana methotrexate hukwama mwilini na kumuumiza.

Nunueni kipimajoto. Katika siku za kemo, pimeni joto kabla ya kumpa Panadol, kwani huificha homa. Ikifika 38, ni hospitali usiku huohuo, hata kama ni saa nane. Jueni mapema ni gari la nani litawavusha feri.

Mkienda rufaa bebeni CD ya picha zenyewe, si ripoti peke yake. Daktari wa upasuaji hupima kwa macho yake, na bila CD atataka CT nyingine.