Maswali yenu kuhusu senti ndogo za kwanza za Marekani

Mbona senti ya tai (yenye picha ya tai anayeruka) ya 1856 ni ghali mno, na ya 1857 naimudu?

Ya 1856 haikutolewa ili itumike madukani. Senti kubwa ya zamani ya shaba, yenye karibu gramu 11, ilikuwa gharama kuitengeneza, hivyo kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kikachapa chache za mfano ili wabunge waione senti mpya. Sheria ilipitishwa Februari 1857, na mwaka huo zikachapwa zaidi ya milioni 17.

Nauziwa ya 1856. Nitajuaje kama ni halisi?

Hapa ndipo watu wanapolizwa. Matapeli huchukua ya 1858 wakaichonga 8 ya mwisho iwe 6. Mizani haitakusaidia, kwa kuwa zote mbili zina gramu 4.67. Shika lenzi, iache hiyo 6, tazama 5. Fuata kwa jicho kile kijiti chake cha wima kuelekea chini: kwenye 1856 halisi kinalenga katikati ya kitone kilicho mwishoni mwa mkunjo, kwenye 1858 kinalenga nje ya kitone. Tapeli huhangaika na 8, ile 5 akaiacha ilivyo. Hata ukiridhika, usilipe kabla wataalamu hawajaithibitisha. Muuzaji asiyekubali hilo, achana naye.

Tai wangu amefifia kichwa na mkia. Amechakaa?

Si lazima. Madini yale yana nikeli asilimia 12, ni magumu, na upande wa pili, nyuma ya kichwa na mkia, kuna shada nene la majani. Mara nyingi madini hayo hayakujaa vizuri kwenye kichwa na mkia tangu kiwandani. Uchakavu utafute kifuani na kwenye mbawa.

Na zile senti za baadaye zenye kichwa kilichovaa taji la manyoya (Indian Head), nitafute ipi?

Ya 1877, iliyochapwa 852,500 tu. Ya 1909 yenye herufi S chini ya shada, ya kiwanda cha San Francisco, ni chache zaidi, 309,000, lakini binafsi ningeanza na 1877, maana isiyochakaa ni adimu kwelikweli. Ili kujua kama hiyo ya 1877 ni halisi, geuza nyuma usome neno ONE: N yake iwe imechorwa kwa kina kidogo.

Niisugue kwa limau ing'ae?

Hapana, tafadhali! Rangi ya shaba ikishaondoka hairudi, na mnunuzi mzoefu huligundua hilo mara moja. Usiihifadhi pia kwenye vifuko vya plastiki laini ya PVC. Huacha utelezi wa kijani unaoila sarafu.